Jinsi ya kuendesha warsha ya picha Moshi pale wanafunzi wanapokuwa wa viwango tofauti

Simu ninazopigiwa zinafanana. Mtu amekodi ukumbi, amepata watu kumi na wawili, wote wamelipa. Jumamosi asubuhi mambo ni moto. Ikifika saa nane mchana wenye simu wanachati, wenye kamera kubwa wako nje wanapigana picha wenyewe kwa wenyewe, na Jumapili wanarudi watano. Hapo ndipo napigiwa: "Hivi nilikosea wapi?"

Mara nyingi alikosea palepale alipoanzia. Alianza na vitufe. Alisimama mbele akaeleza tundu la lenzi, lile linalopanuliwa au kubanwa ili kupitisha mwanga, kwa saa mbili, mbele ya watu ambao nusu yao simu zao hazina kitu hicho cha kuzungusha, na wengine watatu wanakijua kuliko yeye. Nami nililifanya kosa hilo mara mbili kabla sijaelewa, kwa hiyo sina ubavu wa kumcheka mtu.

Mwongozo huu ni wa warsha ya siku mbili, Jumamosi na Jumapili, watu wazima wasiozidi 12, hapa Moshi. Walio Arusha wanaweza kuufuata ulivyo. Kama Kilimanjaro kwetu, Mlima Meru nao uko kaskazini mwa mji wao, hivyo hesabu ya jua ni ileile.

## Andaa hivi kwanza

- Chumba chenye dirisha kubwa upande mmoja. Ukilazimika kuchagua kati ya dirisha na projekta, chukua dirisha.
- Kiti kimoja cha kawaida na stuli.
- Shuka jeupe, na kitambaa cheusi cha ukubwa huohuo.
- Vitambaa laini vya kufutia miwani, kimoja kwa kila mtu.
- Runinga yenye tundu la HDMI na kebo yake. Projekta mchana, kwenye ukumbi wenye mwanga, inafuta rangi zote.
- Kisomea kadi, na kebo za simu za aina zote tatu: ya USB-C, ya Micro-USB na ya Lightning.
- Ekstensheni mbili ndefu, pawabenki mbili, na kompyuta mpakato yenye betri inayokaa na chaji kweli.
- Noti ndogondogo za kununulia vitu sokoni.
- Barua za ruhusa (hatua ya 3).
- Chai na vitafunwa. Ukipata mpishi wa mtori, watu watakusamehe mengi.

Ada usiipange kwa watu 12. Jumlisha gharama zote, gawanya kwa 8, hiyo ndiyo ada. Wanne wa ziada wakija ni faida, wasipokuja hujaumia.

## Hatua ya 1: Ratiba ipangwe na jua

Watu huanza kwa kutafuta ukumbi. Anza na jua. Moshi iko nyuzi 3 na kitu kusini mwa ikweta, kwa hiyo jua hupanda karibu wima na kuzama karibu wima. Ule mwanga laini wa asubuhi na jioni haukai. Ukipata nusu saa nzuri, shukuru. Saa sita mchana jua linapanda utosini, na katikati ya Machi na mwanzoni mwa Oktoba linakuwa utosini kabisa. Ukimpiga mtu picha nje saa hiyo, paji la uso linang'aa na macho yanageuka mashimo mawili meusi.

Jumamosi: saa 2:00 hadi 5:00 asubuhi ndani, saa 5:00 hadi 6:00 kuzitazama picha za asubuhi, kisha chakula na mapumziko. Saa 9:30 alasiri kutoka kwenda mtaani na sokoni, saa 11:30 jioni kufunga.

Jumapili: kukutana saa 11:45 alfajiri kwa ajili ya mlima, kuachana saa 1:15 asubuhi, kurudi saa 8:00 mchana. Pengo hilo ni la ibada. Moshi hii ukipanga kipindi saa 3 asubuhi siku ya Jumapili, utafundisha viti.

Miezi nayo ina uzito. Kibo, kilele cha Kilimanjaro, iko kaskazini mwa mji. Desemba na Januari jua liko upande wa kusini, linaupiga uso wa mlima tunaouona sisi, na theluji inaonekana. Juni na Julai jua limehamia kaskazini, uso huo unabaki kivulini, na mara nyingi mawingu ya baridi yanakaa juu ya mji asubuhi nzima. Masika, Machi hadi Mei, sahau mlima. Lakini usiahirishe warsha kwa sababu ya mawingu: hakuna mwanga mzuri wa kupigia sura za watu kama wa mawingu mepesi.

Umefanikiwa kama: hakuna mtu anayepiga picha juani kati ya saa 6 na saa 9 mchana.

## Hatua ya 2: Wapime kabla hawajafika

Usiulize "uko kiwango gani?" Mwenye kamera ya bei mbaya atasema yuko kati, na mama aliyepiga harusi za ukoo mzima kwa simu atasema hajui kitu.

Badala yake omba picha tatu: moja ya mtu, moja ya ndani ya nyumba bila flashi, na moja anayoipenda tu. Sema zitumwe WhatsApp kama dokyumenti. Zikitumwa kama picha za kawaida zinabanwa, na utamhukumu mtu kwa kosa la mtandao.

Kwenye picha ya mtu, tazama kama sura ina mwanga. Kwenye ya ndani, tazama kama imetikisika. Ile anayoipenda itakuambia anataka nini maishani na kamera yake. Kisha gawa majina kwenye daftari lako: A wanaoanza, B wa kati, C waliokomaa. Daftari hilo lisionekane na mtu. Siku nilipoyasoma makundi kwa sauti, mzee mmoja mstaafu alijikuta kundi moja na mjukuu wa jirani yake. Baada ya chai sikumwona tena.

Uliza pia aina ya simu au kamera, ili ujue kebo za kubeba. Wenye iPhone waambie wabadilishe mipangilio ya kamera ili itunze picha kwa JPEG, maana kompyuta nyingi za zamani hazifungui HEIC, aina ya faili ambayo iPhone huitumia kutunza picha.

## Hatua ya 3: Ruhusa, mapema na kwa maandishi

Nenda kwa uongozi wa soko wiki moja kabla, ukiwa na barua: siku, saa, idadi ya watu, na mtafanya nini na picha. Soko utakalo, liwe Soko Kuu, Mbuyuni au Kiboriloni, utaratibu ni huo. Ukitaka stesheni, kumbuka reli inafanya kazi na ina wenyewe, omba kwao. Kambi, kituo cha polisi na askari aliye kazini, usielekeze kamera kabisa. Mtu akitaka kuja na droni, aonyeshe kibali cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga, la sivyo iachwe nyumbani.

Kuna pia Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023. Kwa warsha yako chukulia hivi: picha inayomtambulisha mtu ni taarifa yake, hivyo kumwomba kwanza si adabu tupu. Watoto wa shule waache, mpaka mzazi awepo na akubali.

Warsha yangu ya kwanza niliwapeleka watu sokoni kimyakimya, nikidhani tuko wachache. Dakika kumi na tano hazikuisha. Jioni nzima tuliimalizia kwenye benchi la ofisi tukijieleza, na kosa lilikuwa langu.

## Hatua ya 4: Kiti na dirisha

Hapa ndipo warsha inapopona au kufa, kwa hiyo usiharakishe. Saa mbili za kwanza hakuna kitufe kitakachotajwa.

Kwanza, futeni lenzi. Kila mtu apige picha ya dirisha au taa iliyowashwa, afute lenzi kwa kitambaa, apige tena palepale. Simu inayolala mfuko mmoja na sarafu, na kushikwa na vidole vyenye mafuta ya kujipaka, ina utando mwembamba. Taa inatoa mistari kama ndevu, na weusi unakuwa kijivu. Baada ya kufuta, ndevu zinaondoka. Zoezi hili linachukua dakika tano na linasawazisha chumba kizima, kwa sababu mwenye simu ya milioni tatu anagundua alikuwa akipiga picha kupitia mafuta kama wengine.

Pili, zima taa zote za ndani. Taa na dirisha vina rangi mbili. Ukiviacha pamoja, nusu ya sura inakuwa ya buluu na nusu ya njano, na hakuna programu itakayolitatua hilo vizuri.

Tatu, weka kiti hatua moja kutoka dirishani. Mtu mmoja akae. Wote wampige akiwa ametazama dirisha, kisha akiwa ubavu kwa dirisha, kisha akiwa ameligeuzia dirisha mgongo. Sogeza kiti hatua nne ndani, rudieni. Usieleze chochote. Waache waone wenyewe jinsi mwanga unavyonyong'onyea kadiri kiti kinavyoingia ndani.

Nne, shuka. Kirudishe kiti karibu, mtu awe ubavu. Wawili washike shuka jeupe upande wenye kivuli, nusu meta kutoka shavuni. Kivuli kinafunguka, sikio linaonekana, mkunjo wa kola unaonekana. Badilisha uweke kitambaa cheusi: shavu linazama.

Fundi cherehani mmoja kutoka Majengo alikuja na simu yenye kioo kilichopasuka, akakaa nyuma asubuhi nzima bila neno. Shuka lilipoinuliwa alisogea mbele, akaliteremsha, akaliinua tena, akasema, "Kumbe ndiyo maana mishono yangu haionekani." Siku zote alikuwa akitundika magauni mlangoni mwa duka, mwanga wote ukiwa nyuma ya gauni. Kuanzia hapo nilikuwa na msaidizi, maana aliwaelekeza wengine kuliko nilivyowaelekeza mimi.

Umefanikiwa kama: kuna mtu amehamisha kiti mwenyewe bila kuambiwa.

## Hatua ya 5: Ngozi zetu na kipimo cha kamera

Kamera haijui inatazama nini. Inapima mwanga wote uliopo kwenye fremu na kujaribu kuuleta kwenye kijivu cha katikati. Msimamishe mtu mweusi mbele ya ukuta mweupe: kamera inaona weupe mwingi, inapunguza mwanga, ukuta unakuwa kijivu na sura inapotea. Msimamishe mbele ya pazia jeusi: inaongeza mwanga, na sura inapauka kama imepakwa majivu. Picha za sendofu na harusi nyingi zinaharibikia hapo, shela jeupe upande huu na suti nyeusi upande ule.

Kwenye simu: gusa sura kwenye kioo, shikilia mpaka ijifunge, kisha buruta alama ya jua juu au chini. Kwenye kamera: tafuta kitufe chenye alama ya kujumlisha na kutoa. Ukuta mweupe, anza na kuongeza 1. Nyuma kukiwa kweusi, punguza theluthi mbili. Kisha tazama ngozi, si ukuta. Ukuta ukipauka, acha upauke. Hakuna aliyekuja kuutazama.

Sasa wape wenye simu zoezi hili wapigane picha wao kwa wao, uwachukue wenye kamera pembeni kwa dakika 20 kwa ajili ya namba zao:

- Kasi ya shata (muda ambao kamera inaacha mwanga uingie): aliyekaa 1/125 ya sekunde, anayetembea 1/250, mtoto anayekimbia 1/500.
- Tundu la lenzi: f/1.8 kwa mtu mmoja, f/4 kwa wawili, f/8 kwa kundi. Wawili kwenye f/1.8, mmoja akiwa nyuma kidogo, mmoja atakuwa ukungu.
- ISO (wepesi wa kamera kuhisi mwanga): pandisha hadi 1600 bila woga. Punje zinavumilika, lakini picha iliyotikisika haina dawa.

Yatosha. Ukipita dakika 20 umerudi kwenye lile kosa la mwanzo.

## Hatua ya 6: Kazi moja, masharti matatu

Kosa la pili kwa ukubwa ni kuwapa wanaoanza kazi rahisi na waliokomaa kazi ngumu. Mkirudi hakuna cha kulinganisha, na kila kundi linahisi limekuja warsha yake. Kazi iwe moja. Kinachotofautiana ni sharti.

Mimi hutumia "mikono inayofanya kazi". Kila mtu picha 10, hakuna ya kumi na moja.

- A: marufuku kukuza kwa vidole. Unataka karibu, tembea.
- B: sura isionekane, ila tujue mikono hiyo ni ya kazi gani. Nyuma ya mikono kuwe na kitu ulichokichagua.
- C: lenzi moja isiyovuta picha karibu, kwa mfano ya milimita 50. Kioo cha nyuma ya kamera, kile kinachoonyesha picha, kizibwe kwa karatasi na gundi. Hakuna kutazama, hakuna kufuta, mpaka mrudi.

Karatasi juu ya kioo itazua manung'uniko. Usilegeze. Mtu wa C amezoea kupiga mia mbili na kuchagua. Ukimnyima kioo anarudi kutazama mikono yenyewe.

Waweke wawili wawili, A na C, B kwa B. Amri ni moja: C asishike simu ya A. Aseme kwa mdomo tu, "sogea kushoto", "shuka chini". Akiishika, atapiga yeye, na mwenzake atarudi nyumbani na picha nzuri ambayo hawezi kuirudia.

Ukiwa na C aliyemaliza mapema, mpe kazi ya "mpaka". Hapa uchagani mipaka ya vihamba, yaani mashamba ya familia, ni mimea ya masale, mjini ni mabati na michongoma, hatakosa.

## Hatua ya 7: Sokoni

Kamera ibaki mfukoni mpaka salamu iishe. Fanyeni mazoezi ukumbini kwanza, msikilizane, maana wengi hufika sokoni wakapoteza ulimi. Mazungumzo yangu na mama mmoja wa nyanya yalikuwa hivi:

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Nikupimie?"

"Naomba kwanza nipige picha mikono yako ukipanga nyanya. Sura sitaichukua, na nitakuonyesha kabla sijaondoka."

"Picha haijazi sado."

"Basi nipimie sado moja."

Akacheka, akaanza kupanga. Picha nilizopiga alipokuwa akipanga zile za kuuza zilikuwa za kawaida. Nzuri ilikuja baadaye, aliposahau habari zangu na kuchagua iliyopasuka akaitupa kwenye ndoo ya pembeni.

Nunua kitu kwa bei ya kila siku, lakini usilipie picha. Ukilipa mmoja, nusu saa baadaye soko zima lina bei ya picha, na atakayekuja baada yako atakulaani. Akikataa, shukuru na uondoke. Usimbembeleze mtu kwenye biashara yake.

Onyo: mkanda wa kamera shingoni muda wote, na anayepiga picha karibu na barabara awe na mwenzake wa kumwangalizia bodaboda. Saa moja sokoni inatosha.

## Hatua ya 8: Kuzitazama picha

Kila mtu achague tatu zake mwenyewe. Kuchagua ni nusu ya kazi, usimchagulie. Watu 12 ni picha 36. Kwa dakika mbili kila moja una zaidi ya saa moja, na hapo ndipo macho yanachoka. Ziweke bila majina.

Maneno mawili yamepigwa marufuku: "nzuri" na "mbaya". Maswali ni matatu. Jicho limeenda wapi kwanza? Mwanga unatoka wapi? Mpigaji angesogea wapi? Swali la tatu ndilo la thamani zaidi, kwa kuwa hata aliyeanza jana analijibu, na aliyekomaa hulikosa mara nyingi.

Anza na picha yako iliyoharibika. Iwe ya kweli, si ile uliyoiharibu makusudi. Watu wazima wanajua. Kisha angalia heshima ya chumba. Kuna mzee wa miaka sitini na kitu na kijana wa ishirini na mbili wamekaa pamoja, na picha haiondoi shikamoo. Wakubwa wapewe nafasi ya kusema kwanza. Badala ya "hapa umekosea", sema "ingekuwaje ukipiga hatua mbili kushoto?" Ni ukosoaji uleule, lakini mzee anarudi kesho.

Umeme ukikatika, na utakatika, geuza kompyuta na viti vizunguke meza. Mara nyingi kipindi hicho ndicho kinachokuwa kitamu zaidi, kwa sababu watu wamebanana.

Umefanikiwa kama: mtu anaisema kasoro ya picha yake kabla ya wengine.

## Hatua ya 9: Mlima, kwa masharti

Tafuta mahali palipo wazi kuelekea kaskazini, upakague siku moja kabla, na panga usafiri; saa 11:45 alfajiri usimtegemee mtu kupata daladala. Mawingu mara nyingi hufunika Kibo kabla ya saa 4 asubuhi, wakati mwingine mapema zaidi.

Kila mtu Moshi ana picha ya Kibo, kwa hiyo sharti langu ni kwamba mlima usizidi theluthi ya picha na uwe nyuma ya kitu: mgomba, baiskeli, mtu mwenye koti. Wenye simu watalalamika kwamba mlima umekuwa kichuguu. Waambie warudi nyuma mpaka umbali wao na mtu wanayempiga uwe mara mbili ya ule wa mwanzo, kisha watumie lenzi ya mara mbili (2x). Mtu anabaki ukubwa uleule, mlima unakua nyuma yake.

## Hatua ya 10: Karatasi

Chapisha picha moja ya kila mtu, inchi 4 kwa 6, nakala mbili, kwenye karatasi isiyong'aa. Kutaneni baada ya wiki mbili, saa moja tu, mkabidhiane. Nakala ya pili ni ya aliyepigwa picha, na mpigaji ndiye anayeipeleka. Waambie tarehe ya kukutana huko kabla hawajaondoka Jumapili, la sivyo hutawapata tena.

Yangu nilimpelekea mama wa nyanya mwenyewe. Alifuta vumbi la mikono yake kwa kanga kwanza, akaishika kwa ncha za vidole, akaitazama. "Mikono imechakaa hii," akasema, akaichomeka kwenye nguzo ya kibanda, upande wa ndani kusikofikiwa na jua. Sado ya pili aliniuzia kwa bei ileile.